Siku Shimba Alipotulia

Groningen, Uholanzi
12 Septemba 1993

Mdogo wangu Shimba,

Najua barua ya kwanza baada ya miezi minne inastahili matusi, na wewe matusi huyakosi. Kozi imenibana. Mimi nesi wa Mwanza niliyezoea kupima homa na presha, leo napima umeme wa ubongo. Ndiyo, ubongo una umeme, tena hauna mgawo kama huo wenu.

Nakuandikia kwa jambo moja. Wiki iliyopita Profesa wetu alileta watu wa utafiti wake mpya. Wa kwanza kuingia alikuwa mzee mwenye tai, karani wa posta. Akanipa mkono, akaketi, mara shingo yake ikaruka kushoto, bega likapanda, koo likatoa sauti: "He!" Shimba, niliangusha faili. Ni wewe mtupu, ila mweupe na mwenye mvi. Nilikwenda chooni nikalia.

Hapa wanaiita tiki. Ina jina, ina vitabu! Sisi nyumbani tuliita utundu, ulipokua kidogo ikawa pepo, na Baba mpaka leo anaita dharau. Profesa anataka kujua ubongo unafanya nini kabla shingo haijaruka, na kama ni sawa na kile unachofanya mtu anapoamua mwenyewe kuinua mkono.

Hebu niambie na wewe. Tumelelewa nyumba moja, nimekucheka na nimekupigania, lakini sijawahi kukuuliza. Kabla haijaruka, unasikia nini? Na Baba je, ameshakuruhusu kukanyaga nyumbani Butimba?

Dada yako,
Modesta


Kirumba, Mwanza
10 Oktoba 1993

Dada Modesta,

Darasa la tano tulifundishwa kwamba barua ianze na "mimi mzima wa afya, hofu kwako." Basi mimi mzima wa afya, shingo tu ndiyo ina safari zake.

Niko kiwanda cha minofu. Viwanda vya sangara vimeota huku kama uyoga, mwenye mikono hakosi kazi. Na mikono yangu unaijua. Nikishika kisu nikaanza kukata, shingo inanyamaza yenyewe, wenzangu wanashangaa. Minofu inakuja huko Ulaya kwako, sisi tunabakiwa na mapanki, kichwa na mifupa, tunakaanga tunashukuru. Ukikutana na sangara mezani msalimie, huenda nimemkata mimi.

Umeniuliza nasikia nini. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hilo, hata padri. Ni kama chafya inayotekenya puani kabla haijatoka, ila hii ipo shingoni, kwa ndani. Inajaa. Nikiruka inapungua, halafu inaanza kujaa tena. Na nitakuambia kitu ambacho usimwambie mtu: naweza kuizuia. Kidogo. Lakini ikizuiwa haiendi popote, inanisubiri, na ikitoka inatoka yote kwa pamoja. Kwa hiyo mtu akiniuliza, "Unafanya mwenyewe au unafanywa?" nitasema yote mawili. Naifanya mimi, dada, ila siitaki.

Baba hajabadilika. Tangu tulipomzika Mama sijaingia ule mlango. Wewe ulikuwa upande wa wanawake, hukumwona uso wake. Padri alisema tunyamaze tumwombee marehemu, mimi nikapiga "He!" mara tatu juu ya kaburi. Nilikuwa nimeizuia tangu asubuhi kwa heshima ya Mama, ikafika mwisho hapo hapo. Baba akaniambia, "Bujora uliweza." Maneno mawili tu. Unajua maana yake: ile sikukuu ya Bulabo kule Bujora niliyocheza ngoma na chatu shingoni, saa nzima mbele ya umati, nisiruke hata mara moja. Kwake yeye kesi iliisha siku ile. Ngomani anaweza, makaburini hawezi? Basi anafanya kusudi.

Sasa nina shida kubwa kuliko shingo. Kuna binti anaitwa Odeta, mtu wa Ukerewe, anapanga samaki kwenye barafu hapo kiwandani. Nampenda na yeye ananipenda. Anasema heri mume anayetikisika kuliko mume anayetikisa watu. Lakini kaka zake hawawezi kuzungumza mahari bila baba wa kijana, na kabla ya hapo watakwenda Butimba kuuliza kwetu ni watu wa namna gani. Desturi unaijua. Na atakayewajibu ni Baba, Mwalimu Nathaniel Mayala. Asiponisimamia, Odeta simpati.

Hiyo mashine yako haiwezi kumwambia Baba kwamba si mimi?

Shimba


Groningen
14 Novemba 1993

Shimba,

Inaweza! Nimekaa na kalamu tangu nitoke kazini, sijavua hata koti.

Sikia tunavyofanya. Mtu anavaa kofia yenye nyaya, na mashine inachora mstari. Tunamwambia, "Geuza shingo wakati wowote unaotaka." Kabla hajaigeuza, karibu sekunde nzima kabla, mstari unaanza kupanda pole pole, kama bibi anayepanda kilima na kuni. Huo ni ubongo unajiandaa kufanya alichokiamua. Kisha tunamwacha karani wa posta akae tu, aruke inavyomjia. Tumekusanya miruko yake mia moja, tukaipanga pamoja. Mstari umelala chali! Hakuna maandalizi yoyote. Shingo inaruka na ubongo haukuaga. Niliishika karatasi ile nikaitazama upya mara tatu. Si wewe, Shimba. Haijawahi kuwa wewe.

Mwezi ujao nitamtumia Baba mchoro wenye mistari yote miwili. Ni mwalimu wa hesabu, grafu anaiheshimu kuliko mahubiri.

Ila karatasi peke yake haimrudishi mtoto nyumbani, lazima akuone. Nenda Krismasi. Vaa shati jeupe, chukua kuku, na ukifika pale izuie. Umesema mwenyewe unaweza. Karani wa posta ametuzuilia dakika arobaini, na wewe ni mkaidi kuliko yeye. Zuia mpaka mmalize kula tu, ili Baba asione kinachomkera, amwone mwanawe. Akishakusamehe, ruka mpaka Ukerewe.

Dada yako anayekupenda,
Modesta


Kirumba
27 Desemba 1993

Dada,

Nimekwenda na nimerudi, na nina furaha mpaka najishangaa.

Nilifika baada ya misa, saa tatu asubuhi, na kuku wangu. Baba alikuwa nje kwenye kiti cha kamba, anasoma gazeti la wiki iliyopita. Nikapiga goti, "Shikamoo, Baba." Akalikunja gazeti. Halafu, "Marahaba." Akanionyesha kiti.

Nilikusudia kuzuia mpaka tumalize kula, kama ulivyosema. Chakula kikaisha, na Baba akaanza kuzungumza! Akaniuliza habari za kiwanda, akaniuliza kama wazungu wanakula sangara kwa ugali au kwa nini. Akanipeleka kumwona ndama. Dada, miaka miwili hajanitamkia neno, ningeagaje? Nikaendelea kuzuia. Jasho likanitiririka mgongoni, nikasema leo jua kali. Nilikuwa nimekunja vidole vya miguu ndani ya viatu na nahesabu mawe ya mlimani, nikimaliza naanza upya. Nimetulia tangu saa tatu mpaka saa kumi na moja jioni. Saa nane nzima! Sijawahi tangu nizaliwe.

Nilipoaga alinishika mkono kwa muda mrefu. Akanitazama shingo, akasema, "Nimeona, Shimba. Leo nimeona." Hivyo hivyo. Nimempa Odeta habari akaruka yeye sasa. Kaka zake wanakwenda Butimba wiki ya pili ya Januari.

Jingine nakwambia wewe tu. Njiani kurudi, nilipofika nyuma ya yale mawe makubwa, nilianguka. Yote ya siku nzima ilitoka pale. Nimejipiga kichwa kwenye jiwe na nimeuma ulimi, na muda sijui ni kiasi gani. Mama Mhoja, jirani wa Baba, alikuwa anatoka kisimani akanikuta. Alidhani kifafa, akaketi chini akanishika kichwa mapajani mpaka ikapungua. Nilimwapisha asimwambie Baba. Ulimi unapona, uji unapita.

Wabeja sana, asante, dada, wewe na mashine yako.

Shimba


Butimba, Mwanza
20 Januari 1994

Binti yangu Modesta,

Nimepokea barua yako ya Desemba pamoja na mchoro. Nimeusoma na nimeuelewa. Mhimili wa chini ni muda, wa juu ni umeme. Umechora vizuri, ila mhimili wa juu hukuandika vipimo.

Nimefundisha miaka thelathini na moja. Mtoto akisema hajui, kisha ukamwita ubaoni akaandika jibu sahihi, huyo alikuwa anajua. Siku ya Krismasi ndugu yako alikaa mbele yangu kwa muda wa saa nane. Nilimpima kwa saa ya mkononi, kama wewe unavyopima watu wako. Nilimchelewesha kwa maneno, nikamtembeza zizini, ili nione atafika wapi. Hakuruka hata mara moja.

Nataka ujue kwamba nilikuwa nimeanza kulegea. Tangu mama yenu afariki kuna asubuhi nyingi nimeamka nikisema labda mtoto ni mgonjwa kweli, labda mimi ndiye niliyekosa. Alipopiga goti uani kwangu moyo uliruka. Lakini kila saa iliyopita iliniumiza zaidi. Anayeweza saa nane, alishindwaje dakika moja juu ya kaburi la mama yake? Nikamwambia nimeona, na kweli niliona.

Watu wa Ukerewe walikuja tarehe 12, wanaume watatu, waungwana. Wakauliza kama ilivyo desturi: kijana wenu yukoje? Mtu anayetaka kukupa dada yake humdanganyi. Niliwaambia kwamba huyo kijana akitaka kutulia hutulia kutwa nzima, na kwamba maziko ya mama yake aliyafanyia dhihaka kwa kusudi, na kwamba mimi simsimamii. Wakanishukuru kwa ukweli, wakala, wakaenda zao.

Imeniuma kuandika haya. Baridi ya huko jikinge nayo.

Baba yako,
N. Mayala


Groningen
11 Februari 1994

Baba yangu, shikamoo.

Nimesoma barua yako nimesimama, na bado sijaweza kukaa. Mimi ndiye niliyemwambia azuie. Kwa mkono wangu huu nilimwandikia: nenda Krismasi, izuie, Baba asione kinachomkera. Alinijibu zamani kwamba anaweza kidogo tu, na kwamba ikizuiwa hujaa. Mimi nikaona ujanja mzuri. Uliyemwona siku ile alikuwa anafuata maagizo ya dada yake msomi.

Na kuna la pili nimekuficha. Mchoro niliokutumia ni wa mtu mmoja. Tumepima watu kumi na wawili. Wanane mstari wao umelala kabla ya kuruka, lakini wanne unapanda kidogo, kana kwamba sehemu ya ubongo iliamua. Sikukuambia, kwa sababu nilitaka kesi ya Shimba ishinde. Profesa mwenyewe anasema huenda hakuna mpaka ulionyooka kati ya kutaka na kutotaka. Vumbi likikuingia jichoni, Baba, unapepesa. Anayepepesa ni wewe, na ukijikaza unaweza kuzuia kidogo. Lakini vumbi hukuliomba.

Hakuna mtu hapa aliyezuia hata saa mbili. Shimba amezuia saa nane kwa sababu ulikuwa unazungumza naye. Aliogopa akiruka utanyamaza. Kaburini pia alizuia tangu asubuhi kwa ajili ya Mama, akashindwa. Tafadhali nenda kwa Mama Mhoja, muulize alichokiona jioni ya Krismasi nyuma ya mawe. Shimba alimwapisha anyamaze, na mimi navunja siri yake kwa kuandika haya. Na wewe vunja neno ulilowaambia, Baba. Waandikie watu wa Ukerewe.

Mwanao mwenye makosa,
Modesta


Kirumba
2 Machi 1994

Modesta,

Kaka zake Odeta walikuja kiwandani wakamchukua. Alilia, lakini alikwenda. Yule kaka mkubwa aliniita pembeni, hakuwa na ukali, nadhani alinihurumia. Akasema, "Ungekuwa mgonjwa tungekupokea. Mgonjwa hakatazwi kuoa. Ila baba yako ametwambia unafanya kusudi."

Wiki iliyopita wamenitumia habari kwamba ameolewa Murutunguru, huko huko Ukerewe. Nilikuwa na kisu mkononi nilipoambiwa, na kwa mara ya kwanza mkono uliruka.

Nilitaka kuandika kwamba sikulaumu. Nimejaribu, kalamu imekataa. Nilikuomba usimwambie mtu kwamba naweza kuzuia, na wewe ukanituma nikamwonyeshe Baba mwenyewe. Mashine yako ilisema si mimi, mbona aliyefukuzwa ni mimi?

Nimeacha kazi. Nakwenda kisiwani Kome, kambi ya dagaa, huko hakuna anayeuliza baba yako nani. Nilipokwenda kuulizia kazi watoto waliniiga, tukacheka, yakaisha. Usiandike tena kwa sanduku hili, si langu tena.

Shimba


Groningen
30 Machi 1994

Baba, shikamoo.

Hujanijibu. Shimba amehamia Kome na Odeta ameshaolewa na mtu mwingine, kwa hiyo ile barua niliyokuomba kwa watu wa Ukerewe haina kazi tena. Mimi hanitaki, na hajakosea. Amebaki na wewe tu, kama utamtaka. Mfuate, Baba, nakuomba kwa jina la Mama.

Modesta


Butimba
21 Agosti 1994

Binti yangu Modesta,

Nilikaa na barua zako muda mrefu. Ya Februari niliiweka ndani ya kitabu cha sala nikawa naisoma vipande vipande. Kwa Mama Mhoja sikwenda, nilikuwa naona aibu kwenda kumuuliza mwanamke jirani habari za mwanangu. Hiyo ndiyo sababu, sina nyingine.

Mwezi wa saba alikuja mwenyewe kuazima jembe, nikamuuliza. Aliniambia yote, akaniambia na maneno ambayo Shimba alikuwa anasema pale chini, damu inamtoka mdomoni. Alikuwa anasema, "Baba amezungumza na mimi." Mama Mhoja aliondoka bila jembe. Mimi niliketi pale pale mpaka ng'ombe wakaja wenyewe zizini.

Jumatatu iliyopita nilivuka kwa kivuko cha Kamanga, nikapata gari la mizigo hadi ufukweni, nikalala hapo, na alfajiri mtumbwi hadi Kome. Nilipokuwa bado natembea kwenye mchanga naitafuta kambi, nilisikia kwa mbali, "He!" Modesta, nilifurahi. Sauti niliyoichapa fimbo miaka kumi, nilifurahi kuisikia, nikaongeza mwendo kama kijana.

Alikuwa anaanika dagaa. Akainua macho akaniona, akaweka chini kikapu, na ile sauti ikakatika. Akaja akapiga goti. "Shikamoo, Baba." Akanipa maji ya kunawa, akanipikia ugali, akaniletea dagaa wa kukaanga na gogo la kukalia. Hakuniuliza nimefuata nini.

Nikamwambia. Sikuzunguka, nilisema, "Nimekukosea. Kaburini kwa mama yako, kwa Odeta, na tangu ukiwa mtoto. Nimekuja kukuomba radhi." Akasema, "Yameisha, Baba, kula." Nikamwambia, "Basi achia, mwanangu. Usizuie mbele yangu tena. Ruka." Akanijibu kwa adabu kabisa, "Hapana, Baba, leo nimetulia tu."

Sasa nilijua pa kutazama. Niliona vidole vya miguu vimezama mchangani. Niliona shati limelowa mgongoni na upepo wa ziwa unavuma. Niliona mshipa wa shingo. Yote hayo yalikuwepo Krismasi, mimi nilikuwa natazama saa. Nikamsihi tena, nikalia mbele yake, mimi baba yake. Hakuruka. Nilikaa tangu asubuhi mpaka alasiri, na alasiri nikaelewa kwamba namtesa kwa kukaa.

Alinisindikiza mpaka majini, akanishika mkono nikapanda, akasema nikusalimie. Ndiyo, alikutaja, alisema nikusalimie. Tulipokuwa tumekwenda mwendo wa kutosha niligeuka. Alikuwa amepiga magoti kwenye mchanga, ameinama, shingo na mabega vinampiga huku na huku, na kina mama wa kambi wanamkimbilia.

Mwenye mtumbwi akaniuliza kama turudi. Nikamwambia apige kasia. Tungerudi, angezuia tena.

Baba yenu,
Nathaniel Mayala